Kabla au Ndani

Mimi na Sheryl hatukusalimiana kwa mwaka mmoja na miezi miwili, na muda huo wote nililala usingizi mzuri. Nilikuwa na haki. Mtu mwenye haki hahesabu mabati usiku.

Naitwa Apondi. Nafundisha hesabu darasa la sita hapa Kitengela, na kila Jumamosi nacheza mpira wa kikapu kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa, pamoja na wanawake wengine ambao waume zao wanasema tumekataa kuzeeka. Nina miaka thelathini na minane na goti la kulia linalojua hali ya hewa kuliko redio. Sheryl ni mdogo kwangu kwa miaka sita na goti lake ni zima, na hilo pia sikumsamehe.

Ili uelewe tulivyokosana, lazima ujue sheria moja ya uwanja wetu. Katika mpira wa kikapu, ukimgusa mtu vibaya kabla hajaanza kurusha, hiyo ni faulo ya kawaida. Hata mpira wake ukiingia, kikapu kinafutwa na timu yake inaanza upya pembeni. Ukimgusa akiwa tayari anarusha, kikapu kinahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja wa bure. Sasa kurusha kunaanza wapi? Kitabu kinasema ni pale mpira unapotulia mikononi na mikono ikaanza kuupeleka kwenye ringi. Kitabu ni rahisi kusoma ukiwa umekaa. Uwanjani jambo lenyewe huchukua muda wa kupepesa jicho, na miaka ile tulipokuwa tunacheza bila refa, huko kupepesa jicho kulitugombanisha kuliko siasa. Nyawira alipoteza jino.

Ndipo Rahab, aliyeanzisha timu yetu na ambaye siku hizi anakaa mezani kuandika pointi, alipochukua rangi iliyobaki baada ya kupaka geti la kanisa akaandika ukutani kwa herufi kubwa: ALIYEGUSA ASEME. Maana yake ni kwamba yule aliyefanya faulo ndiye anayeulizwa, kabla au ndani? Akishajibu, mjadala umefungwa. Refa anapuliza mengine yote, lakini hilo si lake. Rahab alituambia jicho la refa liko mbali, mkono ulikuwa pale pale. Kila timu inayokuja kwetu inakubali sheria hiyo kabla ya mchezo, hata wale wa Ewuaso Kedong wanaopenda kubishana. Unaruhusiwa kubadilisha neno lako mpaka refa atoe mpira mchezo uendelee, baada ya hapo limeshakuwa. Na ukijulikana umesema uongo, hakuna anayekufukuza. Hupewi mpira tu, Jumamosi hii na ile na ile nyingine, mpaka uchoke mwenyewe.

Mwaka jana kocha wetu, Wangila, alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya mchezaji wa kwenda Nakuru kwa mashindano ya kaunti. Tulikuwa wawili tunaoitaka, mimi na Sheryl. Wangila, ambaye hapendi kuchagua ili asilaumiwe, akasema tucheze mmoja kwa mmoja, kila kikapu pointi moja, wa kwanza kufika kumi na moja aende. Sheryl alikuwa na kumi, mimi tisa. Nikampita, nikainuka, nikarusha, na wakati huo huo akanipiga kwenye mkono. Mpira uliingia. Nilijua mwilini mwangu mwote kwamba nilikuwa nimeshaanza kurusha. Tungekuwa kumi kwa kumi, na mtupo wa bure mkononi, na mimi mitupo ya bure sikosi.

Rahab akauliza, "Sheryl, kabla au ndani?"

"Kabla," akasema Sheryl, bila hata kufikiri.

Kikapu kikafutwa. Nilianza upya kwa hasira, nikakosa, yeye akafunga. Akaenda Nakuru, mimi nikabaki Kitengela kusahihisha madaftari. Lakini kabla hajaenda nilimwambia mbele ya timu nzima, na wake wa wazee wa kanisa wakisikia, kwamba yeye ni muongo na ataendelea kuwa muongo. Sikunong'ona. Sauti yangu inafika mwisho wa darasa lenye watoto sitini.

Neno hilo lilifanya kazi yake. Aliporudi, kila alipoulizwa kabla au ndani, mtu mmoja pembeni alikohoa. Wengine wakamwambia aape kwa Biblia, ati kwa utani. Jumamosi ya tano au ya sita alicheza dakika arobaini na nadhani mpira ulimfikia mara nne. Mume wake alikuwa amejenga kwenye ploti yao Isinya, wakahama, na Sheryl akajiunga na timu ya huko, ya wanawake wanaofungasha maua. Watu wakasema kwamba amekimbia. Mimi nilisema hivyo kwa sauti kuliko wengine.

Sasa mwaka huu mambo yalibadilishwa. Badala ya kuchagua wachezaji mmoja mmoja, timu itakayoshinda ligi ingekwenda Nakuru yote. Fainali ikawa sisi na Isinya, kwetu, Jumamosi saa tisa. Daktari alikuwa ameshaniambia goti hili linataka upasuaji Januari na baada yake nitafute mchezo mwingine, labda kwaya. Kwa hiyo kwangu ilikuwa Nakuru mwaka huu au nisiende kamwe.

Isinya walishuka wakiimba. Kocha wao, Lesiamon, mtu mrefu mwenye kofia ya kijani, alikuja moja kwa moja kwenye benchi letu akanyoosha mkono, akanisalimia kwa Kimaasai.

"Supa, Mwalimu."

Sikumwitikia. Nilikuwa namtazama Sheryl nyuma yake. Alikuwa amekonda kidogo na alikuwa amesuka nywele vizuri, mistari imenyooka, mtu asiye na shida. Hakunitazama. Nyawira akapiga kelele, "Sheryl, umekuja na Biblia?" na upande wetu wote ukacheka. Nami nikacheka, cheko refu kuliko lilivyohitajika.

"Leo hakuna mambo ya urafiki," Wangila akatuambia. "Huyo Sheryl mkae naye mpaka ajue kwake si hapa. Mwalimu, huyo ni wako."

Ulikuwa mchezo mchafu. Robo ya kwanza mtu wao mmoja alinipiga kiwiko kwenye mbavu, nami nikamkanyaga kwa bahati mbaya mara mbili. Upande wa Isinya walikuwa wanatuita mashangazi. Upande wetu waliwaita mambo ambayo siwezi kuandika kwa kuwa kulikuwa na ukuta wa kanisa karibu. Refa, Mureithi, kijana wa benki mwenye filimbi ya shingoni na uso wa mtu anayejuta kukubali kazi, alisimamisha mchezo mara tatu kutuambia tuheshimiane. Hakuna aliyemsikiliza. Kati yangu na Sheryl hapakuwa na neno hata moja. Tulisukumana kimya kimya kwa mabega na makalio, dakika baada ya dakika, na kila alipofunga nilihisi kama amenitemea mate.

Zikabaki sekunde saba. Sisi arobaini na sita, wao arobaini na tatu, mpira ni wao. Wangila akaomba muda, akachuchumaa mbele yetu.

"Wanataka ya mbali, ya pointi tatu, wasawazishe. Itapewa Sheryl, hakuna mwingine. Mwalimu, akishika mpira tu, mguse. Lakini kabla. Umeskia? Kabla. Tuko na faulo mbili tu hii robo, so hawapigi free throw, wanaanzia tu kando na saa imeisha. Akishainua mkono, usimguse hata kama ni mama yako anaanguka."

"Nimeskia."

"Sema kabla."

"Wangila, mimi si mtoto."

"Sema."

"Kabla," nikasema.

Viganja vyangu vilikuwa majimaji. Nikatoa kipande cha chaki kwenye begi langu, nikakisaga mikononi mpaka vidole vikawa vyeupe, ili mkono usiteleze. Goti liliuma. Niliingia uwanjani nikiwa na wazo moja tu kichwani.

Wakarusha mpira ndani. Sheryl alizunguka nyuma ya mwenzake mmoja mnene, akatokea nje ya mstari, akaupokea. Nilikuwa nimeshafika. Niliona mpira ukiwa kiunoni kwake, mikono miwili imeufumbata, nikapeleka mkono wangu chini kuupiga wake. Niliusikia mgongano. Filimbi ikalia. Na mwanamke huyu, akiwa anaanguka upande, akaurusha mpira huo juu kwa namna ambayo hakuna anayefundisha, ukapiga ubao, ukazunguka ringi na ukaingia.

Sijui kama umewahi kusikia watu mia mbili wakipiga kelele kuhusu jambo moja wakiwa na maoni mawili. Isinya waliingia uwanjani. Wetu waliingia kuwatoa. Lesiamon alivua kofia yake akaitupa chini. Kama ilikuwa ndani, basi ni arobaini na sita kwa arobaini na sita, na Sheryl ana mtupo wa bure wa kutushinda. Kama ilikuwa kabla, kikapu hakipo, wanaanza kando wakiwa na sekunde nne, na sisi bado tuko mbele kwa tatu. Mureithi alishika mpira kwapani akaenda mezani kwa Rahab, uso umekunjamana.

"Hii sheria yenu ya ukuta," akasema, "siku moja itaua mtu. Haya, ulizeni."

Rahab akasimama. Anaposimama, hata wenye vuvuzela hunyamaza.

"Mwenye mkono?"

Nikainua mkono.

"Mwalimu Apondi. Kabla au ndani?"

"Kabla," nikasema.

Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kujitetea nalo. Sikudanganya. Mbele ya Mungu na mbele ya lile kanisa, nilikuwa bado nauona mpira kiunoni kwake. Mkono wangu uliniambia kabla, nami nikasema kile mkono ulichoniambia.

"Mwizi!" mtu wa Isinya akapiga kelele. "Mwalimu mzima! Ndio unafundisha watoto wetu?"

"Mpira ilikuwa juu ya kichwa!" Lesiamon alikuwa anazunguka akionyesha kwa mikono yote miwili. "Hata ng'ombe imeona! Mama, uliza tena!"

"Haiulizwi mara mbili," Rahab akasema, akakaa.

Nilimgeukia Sheryl. Nilikuwa nangoja aniite muongo, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno ya mwaka mzima yamepangwa mdomoni. Yeye aliinama akafunga kamba ya kiatu. Akaifungua, akaifunga tena.

Ilichukua kama dakika mbili kuwatoa watu uwanjani. Mureithi akaenda pembeni na mpira, akampa mchezaji wa Isinya ishara asogee mstarini. Tukajipanga. Nilimkaribia Sheryl kifua kwa mgongo, nimlinde asipate mpira tena. Akageuka kuelekea mpira ulipo, akainua mkono wa kulia juu kuuomba.

Chini ya mkono wake, upande wa ndani, juu ya kiwiko, karibu na kwapa, kulikuwa na vidole vitatu vyeupe vya chaki.

Mkono ukiwa chini, mahali pale pamelala kwenye mbavu. Ukiwa umeshika mpira kiunoni, huwezi kupagusa hata ukiwa na fimbo. Ili vidole vyangu vifike pale, ilikuwa lazima kiwiko chake kiwe kimeshafika usawa wa macho, na mpira uwe juu ya paji la uso, njiani kwenda kwenye ringi. Nafundisha hesabu. Sikuhitaji karatasi.

Ilikuwa ndani. Ilikuwa ndani kabisa, na mkono wangu ulikuwa umenidanganya mimi mwenyewe.

Hapo ndipo la pili liliponijia, na hilo lilinichoma zaidi. Kama mkono unaweza kumdanganya mwenyewe namna hiyo, basi mwaka jana mkono wa Sheryl ulimdanganya yeye. Yule anayegusa anakuwa ameanza safari mapema, na moyoni mwake amefika mapema. Alisema kabla bila kufikiri, kama nilivyosema mimi bila kufikiri. Hakuwa muongo. Nilimwita muongo mbele ya watu, nikamkoholea, nikamnyima mpira, nikamhamisha mji, na alikuwa amesema kile alichokiamini.

Unadhani niliona huruma? Niliona aibu, ndiyo, ilinipanda mpaka masikioni. Lakini aibu ile haikukaa hata sekunde, ikageuka hasira, na hasira ile ilimwelekea yeye. Nilimchukia Sheryl wakati ule kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Kwa nini asingekuwa muongo tu? Mimi nilikuwa nimeshazoea.

"Mko tayari?" Mureithi akauliza. Mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Neno langu lilikuwa bado langu, ningeweza kulibadilisha kwa kuinua kidole. Rahab alikuwa pale, hatua kumi. Niliwaza Nakuru. Niliwaza Januari na kisu cha daktari. Niliwaza Nyawira na wenzangu wote, ambao ningewaambia nini? Na niliwaza, sitaki kuficha, nikisema ndani leo, kesho mtu ataniuliza ilikuwaje nikakosea, na nikimweleza, atauliza kuhusu mwaka jana.

"Isinya?" Mureithi akauliza.

"Tayari."

"Kitengela?"

Wenzangu walinitazama, kwa kuwa mimi ni nahodha.

"Tayari," nikasema.

Mpira ukarushwa ndani ya uwanja. Sheryl akaupata, kama tulivyojua ataupata, akageuka akarusha kutoka mbali. Sikumgusa. Nilirudisha mikono yangu nyuma kabisa ya mgongo. Mpira ulipiga ukingo wa mbele wa ringi, ukaruka, ukaanguka upande wetu, na Nyawira akaukumbatia mpaka filimbi ya mwisho.

Watu wetu wakafurika. Wangila alinibeba, mimi mtu mzima na goti langu, akanizungusha. Mtu akanivisha leso shingoni. "Nakuru! Nakuru!" walikuwa wanaimba, nami niliimba, na niliposikia sauti yangu ilikuwa kubwa kama kawaida. Nilikuwa namtafuta Sheryl kwa macho. Isinya walikuwa wamekusanyika upande wao, Lesiamon anaongea kwa ukali akionyesha ukuta ulioandikwa. Sheryl alisimama katikati yao, mikono chini. Nilijua akiinua mkono ule hata kujikuna, mtu mmoja atauliza, hiyo nyeupe ni nini?

Mureithi akatuita tupange mstari, tushikane mikono, kama ilivyo desturi. Nilijiweka wa mwisho. Wachezaji wa Isinya walinipa vidole tu, wakiangalia pembeni. Mmoja akasema, "Hongera, Mwalimu, kwa kuiba," nikamwambia asante. Kisha akafika Sheryl.

Badala ya mkono nilimfungulia mikono yote miwili nikamvuta kifuani. Nyuma yangu watu wetu wakapiga makofi. Rahab akasema kwa sauti, "Asante Yesu, hawa wawili jamani!" na nikasikia mtu analia kwa furaha. Walidhani tumepatana. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mgongoni mwake. Wa kulia nilikuwa nimeupitisha chini ya kwapa lake, na kwa ncha ya leso ile ya ushindi nilikuwa nasugua.

Sheryl hakunisukuma wala hakunikumbatia. Alisimama tu, moyo wake unapiga kwenye kifua changu, jasho lake na langu. Nilisugua haraka haraka. Kisha nikasikia sauti yake sikioni, ya chini, ya kwanza tangu mwaka jana.

"Niliiona kabla yako," akasema. "Nilikuwa nangoja nione utafanya nini."

Leso ikasimama mkononi mwangu.

"Futa vizuri, Mwalimu. Kidole kimoja bado kiko."

Akainua mkono kidogo, ili nifikie.